Kabati la Shangazi: Kutoka Ngamiani Hadi Dodoma, na Ufa Ulioanzia Pembeni

Picha iliingia saa mbili kasoro usiku, siku ya Alhamisi. Kabati limesimama sebuleni Dodoma, blanketi limevuliwa nusu, na kwenye kioo cha mgongoni kuna mstari. Mwembamba kama unywele. Umeanzia pembe ya chini kushoto, umepanda kwa kupindapinda, umetokea ubavu wa kulia karibu na rafu ya pili. Chini ya picha dada aliyelinunua ameandika: "Kaka, limefika. Lakini tazama kioo."

Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko picha yoyote niliyo nayo. Kazi yangu ni kununua na kuuza samani kuukuu hapa Tanga, na mtu akitaka kutuma kabati au meza ya kioo mkoani, swali lake la kwanza kwangu huwa moja: lori gani zuri? Kabla ya kisa hiki nilikuwa nalijibu. Siku hizi namwambia angoje, tuanze na kioo chenyewe, na maneno aliyomwambia mnunuzi. Lori litafuata.

Kabati lilikuwa la shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayekaa Ngamiani, Barabara ya 14. Ni kabati la vyombo la mvule, lililochongwa na fundi wa hapahapa mjini kabla mimi sijazaliwa. Lina vipande viwili vinavyokaa kimoja juu ya kingine. Chini kuna droo tatu na milango miwili ya mbao. Juu kuna milango miwili ya vioo, rafu tatu, na nyuma ya rafu kioo kimoja kizima cha kujitazamia, kilichowekwa pale ili kila kikombe kionekane viwili. Kingo za kioo hicho zilichongwa mteremko, na asubuhi jua likipita dirishani lilikuwa linaacha vipande vya rangi ukutani. Sisi watoto tulikuwa tunaviwinda kwa viganja.

Shangazi alikuwa anahamia kwa binti yake Raskazone, na huko chumba alichopewa kinatosha kitanda na sanduku. Akaniita, akanionyesha kabati, akasema, "Hili mwanangu, mtafutie mtu atakayelitumia. Sitaki likawekwe dukani watu walishikeshike."

Mtu alipatikana. Ni dada mmoja mtumishi wa serikali, ambaye ofisi yake ilipohamia Dodoma naye akahama. Amezaliwa Bombo, amekulia Chumbageni, na bibi yake alikuwa na kabati la namna hiyo. Nilipomtumia picha hakuuliza hata bei kwanza, aliuliza kama droo ya katikati inakwama ukiivuta. Inakwama. Tukapatana laki nane na nusu: laki tano kwanza kwa simu, laki tatu na nusu likifika. Nauli juu yake.

Maneno tuliyosemezana siku hiyo nayaweka hapa kama yalivyokuwa, maana yalikuja kuwa kitu kikubwa baadaye.

Yeye: "Nauli nitalipa mimi kaka, wewe nifikishie salama tu."

Mimi: "Usijali dada. Litafika, inshallah."

Basi. Hatukusema likivunjika itakuwaje. Kwa adabu yetu ya pwani, mtu akikuamini, kuanza kutaja hasara ni kama kuiita. Mimi mwenyewe niliona haya. Lakini ile "usijali" yangu ilikuwa ahadi, na niliitoa kabla sijakipima kioo wala sijajua lori litapita wapi.

Kupima nilipima baadaye, kisa kikiwa kimekwisha tokea. Kioo cha mgongoni kilikuwa sentimita 120 kwa 90, unene milimita 5. Mita moja ya mraba ya kioo, kwa kila milimita moja ya unene, ina uzito wa kilo mbili na nusu. Piga hesabu: kilo 13 na nusu. Vioo vya milango, vya milimita 3, kila kimoja kilikuwa kilo tatu na kitu. Kwa hiyo ndani ya mzigo niliokuwa nikiuita "kabati" mlikuwa na mzigo mwingine wa karibu kilo 20 za kioo, na sehemu kubwa ya uzito huo ni kipande kimoja kilichoshikiliwa pembezoni kwa vijiti vya mbao na misumari. Hilo ndilo nililopaswa kulitazama kwanza. Mimi nilitazama mbao. Mvule ni mti mgumu, na ugumu wake ulinidanganya.

Jumanne mchana tulilifunga, mimi na vijana wawili. Tulitenganisha juu na chini, tukatoa rafu na droo, funguo tukaziweka kwenye bahasha. Kwenye kila kioo tulibandika selotepu kwa mtindo wa msalaba. Tukazungusha mablanketi mawili, kisha godoro la sponji la inchi tatu, kisha kamba za manila tukazikaza mpaka sponji ikabonyea. Nikaandika VIOO kwa wino mzito pande mbili. Kila mmoja wetu aliridhika. Shangazi, aliyekuwa amekaa kibarazani, alisema linafanana na bibi harusi.

Katika kufunga kule mlikuwa na makosa matatu, na mimi nilihesabu yote matatu kuwa ndiyo ulinzi wenyewe.

Kosa la kwanza ni selotepu. Msalaba wa selotepu hauzuii kioo kupasuka. Kazi yake ni kushika vipande visitawanyike kikishapasuka, jambo lenye faida kwa anayefungua mzigo na mikono yake. Mimi nilikuwa nimeliamini kama hirizi.

La pili ni ile kamba iliyokazwa juu ya sponji. Sponji ikikandamizwa hutafuta pa kwenda, na upande wa ndani pa kwenda palikuwa katikati ya kioo cha mlango. Kioo huvumilia sana kubanwa, lakini ukikipinda hakivumilii. Kinapopindika, upande mmoja unavutwa, na kwenye kuvutwa ndipo kinapoachia. Kwa hiyo kinga inayotuama katikati ya kioo inakisukuma. Kinga inatakiwa ikae kwenye fremu na pembe, na mbele ya kioo pabaki nafasi. Vioo vya milango vilinusurika kwa sababu ni vidogo. Hiyo ilikuwa bahati, ujuzi haukuwapo.

La tatu ndilo lililotuumiza, na ndilo ambalo nisingeliona bila picha za dada yule. Nitalifikia.

Niseme kwanza juu ya katani, maana linanisikitisha. Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893, na Tanga imekula na kulala nao tangu hapo. Nyuzi fupi zinazobaki kwenye korona, mashine ya kuchambulia mkonge, zinapatikana, na wazee walizijaza kwenye viti na magodoro. Ukizishindilia kati ya mzigo na kasha zinashika. Hazidundi kama sponji, na hazihamii upande mmoja kwa mtikisiko. Mimi, mtu wa Tanga, nikaenda dukani kununua sponji.

Jioni ile lori lilikuja, limebeba saruji ya kwenda Dodoma. Dereva alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, kipande hiki cha juu kina kioo kikubwa. Kisimame hivihivi, mgongo uelekee kwenye kichwa cha gari, kisilazwe." Akaitikia, "Nimekuelewa mwanangu," na nilishuhudia kwa macho yangu utingo akilisimamisha nyuma ya kibanda cha dereva, akalifunga kwenye vyuma vya bodi pande zote mbili. Kazi nzuri. Ofisini nikapewa risiti. Sikuisoma. Ilikuwa imeandikwa: "Kabati, vipande 2."

Kutoka Tanga unakwenda Segera, unashika njia ya Chalinze, unavuka Wami, halafu Morogoro, kisha Dodoma. Ni kama kilomita 600, lami mwanzo mwisho. Siku hizo masika yalikuwa yamepita, barabara kavu. Kwa njia hiyo mzigo uliosimama vizuri hauna sababu ya kupasuka, na ndiyo maana picha ilipoingia, jambo la kwanza nililolisema moyoni ni kwamba wameliangusha.

Hawakuliangusha. Hilo lilinichukua siku mbili kulikubali.

Usiku uleule, kabla hatujaongea lolote juu ya kioo, simu yangu iliita mlio wa pesa: laki tatu na nusu. Dada alikuwa amemaliza deni lake. Nilipompigia akaniambia, "Hiyo ni bei ya shangazi, haihusiani na kioo. Kioo tutaongea." Angeweza kuikalia ile pesa mpaka tuelewane, na watu wengi wangefanya hivyo. Alivyofanya yeye vilinifunga mikono. Sikuweza tena kuongea naye kama mtu anayetetea mfuko wake. Nikamwomba picha nyingine: pembe zote nne za kioo kwa karibu, ubao wa mgongo wa kabati kwa nje, na mablanketi yalivyo.

Kioo kilichogongwa huacha nyota. Kuna sehemu moja iliyosagika, na nyufa zinatoka hapo kwenda kila upande kama miali. Cha dada hakikuwa na nyota popote. Kilikuwa na ufa mmoja, na mwanzo wake ulikuwa ukingoni kabisa. Ufa wa namna hiyo hauletwi na kishindo. Unaletwa na kuvutwa: kioo kimepindishwa, na ukingo ukaachia mahali palipokuwa na kasoro tayari.

Kasoro ilionekana kwenye picha ya pembe ya chini kushoto. Vile vijiti vinavyokishika kioo ndani ya fremu vilipigiliwa misumari midogo, na mmoja ulikuwa na kutu nene, nyekundu, iliyovimba kama kipele. Tanga hewa yetu ni ya chumvi, hata kitasa cha mlango wa ndani kinakula kutu. Chuma kikishika kutu hunenepa, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Msumari ule, miaka yote kabati limesimama ukutani Barabara ya 14, ulikuwa unaongezeka kidogokidogo kuelekea kwenye kioo. Nadhani uliugusa ukingo wake kabla dada wa Dodoma hajapata kazi serikalini. Wakati wa kufunga ningepitisha kidole tu kwenye ile pembe ningeusikia. Kosa la tatu ndilo hilo: nilifunga kabati kwa nje bila kulikagua kwa ndani. Kioo kilisafiri kikiwa kimeshikwa na adui yake.

Hata hivyo msumari peke yake usingetosha. Kilikuwa kimeishi nao miaka mingi.

Picha ya ubao wa mgongo ilionyesha kibonyeo, chenye pembe kali, kama alama ya kona ya katoni. Ubao ule ni plaiwudi nyembamba, nyuma yake ndiyo kuna kioo. Kabati lililosimama wima, mgongo ukielekea kwenye kibanda cha gari, lingepataje kibonyeo cha katoni? Nikamwuliza dada lori lililoleta lilikuwaje. Akasema, "Fuso, limejaa vitu vya dukani. Mabeseni, maboksi ya sabuni."

Lililoondoka Tanga lilikuwa lori la saruji.

Nilikwenda ofisini kwa wasafirishaji. Kijana wa pale hakuficha. Lori la kwanza lilipofika Chalinze liliambiwa ligeuze njia, mzigo wa Dodoma ukahamishiwa kwenye Fuso lililokuwa limetoka Dar. Sisi tuna msemo, Tanga waja leo waondoka leo, na mizigo nayo ni hivyohivyo: hushuka gari moja ikapanda jingine, na aliyeipakia hana habari. Nilipompigia yule dereva mzee, aliniambia aliwaeleza vijana wa Fuso kwamba ni kioo, waangalie sana. Nao wakaangalia sana. Wakafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye huruma na kioo angefanya kama hajafundishwa: wakalilaza. Wakalilaza chali, juu ya maboksi, wakalifunika kwa magodoro yao wenyewe ili jua lisilipige.

Nilimwelewa yule kijana wa Fuso nilipoambiwa hivyo, na hasira iliniishia. Kitu kinachovunjika unakilaza, kama mgonjwa. Kioo hakitaki. Kioo kikisimama kwa ukingo wake, uzito wote unashuka chini ndani ya kioo chenyewe, na humo kina nguvu ya ajabu. Kikilazwa, zile kilo 13 na nusu zinaning'inia katikati huku pembe zimeshikwa. Kila tuta linalolirusha gari, kwa kitambo kidogo uzito huo unakuwa kama mara mbili au zaidi, unarudi, unaongezeka tena. Hesabu mwenyewe matuta yaliyopo kati ya Chalinze na Dodoma, kila kijiji na lake. Chini yake kuna maboksi yasiyo sawa, moja limeinuka, kona yake inasukuma plaiwudi. Fremu nayo inajipinda kufuata maboksi, kioo hakiwezi kuifuata, na pale pembeni msumari wenye kutu umekingama. Ufa ulikuwa na mahali pa kuanzia, nguvu ya kuuanzisha, na njia ndefu ya kutembelea.

Kwa hiyo mwenye kosa ni nani?

Ofisi ile ilinionyesha risiti. Kwa nyuma, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno kwamba hawahusiki na mzigo dhaifu. Lakini hata hawakuyategemea hayo. Jibu lao lilikuwa fupi kuliko hapo: "Kaka, hapa pameandikwa kabati. Kabati limefika." Niliondoka nikiwa sina neno. Kama ningehakikisha wameandika "kabati lenye kioo kikubwa, lisimame, lisihamishwe gari bila kunipigia," ningekuwa na pa kushika. Maneno niliyompa dereva yalikuwa ya haki na aliyatimiza, lakini yalishuka naye Chalinze.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inalo jambo hili, na nalitaja kwa sababu wengi wetu tunaamini nusu yake. Nusu tunayoipenda sisi wauzaji inasema kwamba ukishamkabidhi msafirishaji mzigo uliotakiwa kumpelekea mnunuzi, kwa kawaida unahesabiwa umemkabidhi mnunuzi mwenyewe, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Nusu ya pili inasema muuzaji lazima apatane na msafirishaji kwa namna inayofaa kwa kuangalia aina ya bidhaa, na asipofanya hivyo, mzigo ukaharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kwamba amekabidhiwa, au akamdai muuzaji fidia. Mimi niliandikisha kilo 20 za kioo kwa jina la kabati. Juu ya hayo, aliponiambia "nifikishie salama" nilijibu "usijali". Sioni mahali ambapo ningesimama nikasema hasara hii ni ya dada.

Nilipomweleza shangazi, nilianza na Chalinze, na maboksi, na plaiwudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na yeye alikuwa ameshalishika kabati, au hajalishika?"

"Hajalishika, shangazi. Lilikuwa njiani."

"Basi lilikuwa bado letu. Kipya kinauzwaje?"

Kioo kipya cha vipimo vile, kukatwa, kusafishwa kingo na kuwekwa, fundi wa Dodoma alisema laki moja na elfu arobaini. Kingo za mteremko kama za kile cha zamani hakuwa nazo. Shangazi akaniamuru nitume pesa yote, itoke kwenye bei ya kabati. Dada alipoipata akarudisha elfu arobaini za ufundi, akasema zile ni zake, kwa kuwa kabati litakaa kwake na fundi ni wa kwake. Wakashikana hivyo siku nzima kupitia kwangu, kila mmoja akikataa kupokea, mpaka shangazi akanyang'anya simu, wakasalimiana wenyewe. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo?" Baada ya dakika kumi na tano wakaja kugundua kwamba bibi wa dada na shangazi walikuwa kwenye chama kimoja cha kufa na kuzikana pale Ngamiani. Elfu arobaini zikabaki Dodoma.

Mimi sehemu yangu ya udalali niliiacha. Sikuambiwa na mtu.

Kazi aliyoifanya yule fundi wa Dodoma nimeiiga tangu wakati huo. Aling'oa misumari yote, hata iliyokuwa bado mizima, akaweka skrubu za shaba, ambazo hazishiki kutu kama chuma. Kioo kipya alikikata kidogo kuliko nafasi yake, akaacha kama milimita tatu kila upande. Nilimwuliza kwa simu kwa nini aache wazi hivyo, akanijibu kwamba kabati limetoka pwani, limezoea unyevu, na Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu na upepo hauishi. Mbao itakauka na kusinyaa kwa upana, na ikikikuta kioo kimejaa pomoni kwenye fremu itakibana mpaka kipasuke chenyewe, usiku, watu wamelala. Mvule hausinyai sana, alisema, lakini yeye hauamini mti uliohama. Halafu chini ya kioo akaweka vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli vilivyokunjwa, kila kimoja robo ya njia kutoka pembeni, kioo kikae juu ya hivyo viwili tu. Pembe zibaki hewani. Mtu wa kwanza kunieleza jambo hilo ni yeye, na nimekaa kwenye biashara hii miaka kumi na moja.

Sasa mzigo wenye kioo kikubwa, mimi nakitoa kioo. Hata mwenye kabati akiona ni usumbufu, nakitoa. Kinasafiri peke yake, kimesimama kati ya mbao mbili za hadibodi, ndani ya kasha jembamba la mbao za msonobari, katani imeshindiliwa pembeni na chini. Kasha nalipigilia miguu miwili mipana, na juu nalifanya kama paa la nyumba, lenye ncha. Ukilisimamisha linatulia. Ukijaribu kulilaza ile miguu inakataa, na juu ya paa hakuna awezaye kuweka beseni. Siandiki tena VIOO. Kijana wa Chalinze saa tisa za usiku, na tochi ya simu mdomoni, hawezi kusoma maandishi yangu, lakini kasha lisilolala analielewa kwa mikono. Gharama ya mbao na kazi ni kati ya elfu thelathini na hamsini, na namwambia mnunuzi mapema kwamba hiyo nayo ni sehemu ya bei. Risiti nasoma pale dirishani, neno kwa neno, na wasipotaka kuandika "kioo, kisimame" natafuta wengine. Na mnunuzi tunaambiana wazi, hata kama tunaona haya: likivunjika kabla hujafungua ni langu, piga picha kabla ya kukata kamba.

Mwezi mmoja hivi baada ya hayo nilipigiwa simu kutoka stendi ya Kange kwamba kuna kifurushi changu kwenye basi la Dodoma. Kilikuwa chembamba, kimefungwa kwa kanga, na kilikuwa kimesimama, kimeegeshwa nyuma ya kiti cha kondakta. Ndani ya kanga mlikuwa na hadibodi mbili, na kati ya hizo hadibodi kipande cha kioo cha zamani, sentimita 40 kwa 30 hivi. Fundi alikuwa ameukwepa ufa, akakata upande uliobaki mzima, akachagua pembe ambayo bado ina ule mteremko wa pande mbili. Pande mbili alizozikata yeye alizipitisha msasa mpaka zikawa laini. Nilipitisha kidole kuzizunguka zote nne, taratibu, kabla sijakifunga tena kukipeleka Raskazone.

Shangazi alinielekeza pa kukitundika, ukuta unaotazama dirisha la mashariki. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa amesimama nyuma yangu. Asubuhi yake binti wa shangazi alinitumia picha: mtoto amenyoosha kiganja ukutani, na juu ya kiganja kuna kipande kidogo cha rangi.